Somo: Vitabu vya kusoma kabla ya kupanda Mto Naili hadi Abu Simbel

Safari yangu ya kwanza Misri nilibeba vitabu saba, na vyote saba vilikuwa vya mafarao. Nilifika Aswan nikiwa najua majina ya wake za Ramses wa Pili na urefu wa sanamu zake. Jioni moja, ng'ambo ya mto katika kijiji cha Gharb Soheil, mzee mmoja wa Kinubia, watu wa asili wa kingo za Naili kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan, alinimiminia karkade, ile ile tunayoiita rosela, akanyoosha mkono upande wa kusini akasema kwao ni kule, chini ya maji. Nikatikisa kichwa kama anayeelewa. Sikuwa na swali hata moja la kumuuliza. Vitabu saba, kilo tatu na ushei begani, na hapakuwa na ukurasa unaomhusu mwenyeji wangu.

Tangu siku hiyo nachagua vitabu vya safari kwa kipimo kimoja: kitabu kinionyeshe kile ambacho macho yangu hayatakiona. Hekalu nitaliona mwenyewe, na mwongoza watalii atanisomea tarehe zake zote nitake nisitake.

Somo hili ni la anayekwenda Kairo, Luxor, Aswan na Abu Simbel, na pengine kupitia jangwa la magharibi wakati wa kurudi.

Hatua ya 1: Chora njia kabla ya kutafuta vitabu

Chukua karatasi, andika vituo vyako kwa mfuatano. Mbele ya kila kituo andika kitu kimoja kilichotoweka au kisichoonekana. Luxor: mafuriko ya kila mwaka, ambayo hayajayafikia mashamba kama zamani tangu Bwawa Kuu la Aswan lianze kuzuia maji mwaka 1964. Aswan kwenda Abu Simbel: vijiji. Jangwa la magharibi: njia za misafara ya ngamia.

Kipande cha Aswan hadi Abu Simbel ndicho kinachodanganya kuliko vyote. Ni karibu kilomita 290 za lami, saa tatu na zaidi ndani ya basi, mchanga na mawe kulia na kushoto. Ziwa Nasser, lenye urefu wa kilomita zipatazo 500, liko mkono wako wa kushoto na sehemu kubwa ya njia hulioni. Abiria wengi hulala. Mimi pia nililala.

Ukimaliza karatasi yako utakuwa na mapengo matatu, basi tafuta vitabu vitatu. Ongeza cha nne cha kujiburudisha, kisha funga begi.

Hatua ya 2: Kitabu cha mto

Nampendekeza Herodotus, lakini kitabu cha pili tu kati ya vile tisa vinavyounda "Historia" yake. Mgiriki huyu alifika Misri karne ya 5 kabla ya Kristo, na kwa kauli yake alipanda mto hadi Elephantine, kisiwa kinachotazamana na mji wa Aswan wa leo. Kumsoma ni kama kukaa barazani na mzee anayejua mengi na kutia chumvi kidogo: anakwambia kule Misri wanawake ndio waendao sokoni na wanaume hubaki nyumbani wakifuma nguo.

Mtazame anavyohangaika na swali la kwa nini mto unafurika wakati wa kiangazi. Anataja nadharia tatu za Wagiriki wenzake na kuzikataa zote, ikiwemo ya theluji, kwani theluji itatoka wapi katika nchi za joto? Anayeishi Moshi na Kilimanjaro dirishani anaweza kumcheka kwa adabu. Jibu lilikuwa mvua za nyanda za juu za Ethiopia, zinazoshushwa na Naili ya Buluu na Mto Atbara. Kuhusu chanzo cha mto, mwandishi mmoja wa hekaluni alimwambia kwamba maji yanabubujika katikati ya milima miwili karibu na Elephantine, nusu yakielekea kaskazini na nusu kusini. Herodotus mwenyewe alihisi anataniwa. Msomaji wa Mwanza au Jinja asiuruke ukurasa huo.

Hatua ya 3: Kitabu cha waliohamishwa

Ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Bwawa la kwanza la Aswan lilijengwa na Waingereza likakamilika mwaka 1902. Liliongezwa kimo mwaka 1912, kisha tena 1933, na kila mara maji yalipopanda Wanubia walijenga upya juu zaidi ya ukingo. Halafu likaja Bwawa Kuu, lililojengwa kuanzia 1960 hadi 1970, na safari hii hapakuwa na ukingo wa kupandia. Mwaka 1963 na 1964 Wanubia wapatao 50,000 wa upande wa Misri walipelekwa Kom Ombo, kaskazini ya Aswan. Wenzao wa Wadi Halfa, upande wa Sudan, walihamishiwa Khashm el-Girba, mbali kabisa na Naili, kwenye Mto Atbara. Miaka hiyo hiyo dunia ilichanga fedha kupitia UNESCO, na mahekalu ya Abu Simbel yakakatwa vipande na kupandishwa mita 65 hivi juu ya pale yalipokuwa. Mawe yaliwekwa tena ukingoni, yakitazama maji kama mwanzo. Watu walipewa nyumba za mistari mistari, mto hauonekani.

Vitabu viwili vinakaa humo ndani. Cha kwanza ni cha Haggag Hassan Oddoul, kwa Kiingereza "Nights of Musk", mkusanyiko mwembamba wa hadithi. Oddoul ni Mnubia aliyezaliwa Alexandria mwaka 1944, na ujanani alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa Bwawa Kuu lenyewe. Kaa na jambo hilo kidogo kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Humo kuna bibi mkali asiyemkubali mkwe wake wa Kimisri, na kuna watu wa mtoni wanaoishi chini ya maji, ambao msomaji wa pwani atawatambua mara moja, maana sisi nasi tulikatazwa kuoga magharibi kwa sababu zinazofanana.

Cha pili ni "Dongola" cha Idris Ali, kilichotoka kwa Kiarabu mwaka 1993. Hiki ni kichungu. Mhusika wake, Awad Shalali, ni Mnubia aliyepitia jela za kisiasa, ana hasira na Kaskazini, na hasira hiyo inawaumiza hata wanawake wanaomngoja nyumbani. Sikukipenda nilipokuwa nakisoma. Bado nakifikiria kuliko vile nilivyovipenda.

Ukianza na hivi, Jumba la Makumbusho la Nubia pale Aswan, lililofunguliwa mwaka 1997, litakuchukua nusu siku badala ya nusu saa.

Hatua ya 4: Kitabu cha jangwa

Orodha nyingi utakazokuta zimejaa Wazungu waliokwenda jangwani kutafuta upweke. Wengine wanaandika vizuri, siwakatai. Ralph Bagnold, mwanajeshi wa Kiingereza, alivuka mabahari ya mchanga kwa magari ya Ford, na "Libyan Sands" (1935) inaeleza jinsi walivyopunguza upepo wa matairi na kutandika vipande vya chuma chini ya magurudumu yaliyozama. Dereva yeyote aliyewahi kukwama Turkana atamsoma kwa raha. Lakini jangwa ni kwao na mtu. Soma angalau kimoja cha mwenyewe.

Ahmed Hassanein, Mmisri, aliondoka Sollum kwenye Bahari ya Kati mwaka 1923 na msafara wa ngamia, akatokeza El Obeid nchini Sudan baada ya kilomita zipatazo 3,500. Kitabu chake, "The Lost Oases", kilitoka 1925. Huko Uweinat, mlima ulio mpakani mwa Misri, Libya na Sudan, alikuta michoro ya wanyama kwenye miamba, twiga wakiwemo, katika nchi isiyo na jani la twiga kula. Mwenyeji mmoja alimwambia hiyo ni kazi ya majini. Ngamia hakuchorwa, na Hassanein akaanza kujiuliza michoro ile ni ya zamani kiasi gani.

Ninayempenda zaidi ni Ibrahim al-Koni, Mtuareg wa Libya. "Gold Dust" ni hadithi ya kijana na ngamia wake mwenye mabaka, ngamia anaugua ukurutu, na kijana anatafuta dawa hadi anapoteza kila kitu kingine. Huna haja ya kwenda Libya kukielewa. Ukikisoma, ngamia wanaopanga foleni kubeba watalii hutawatazama tena kama viti.

Hatua ya 5: Cha kujiburudisha

Amelia Edwards, "A Thousand Miles up the Nile" (1877). Kirefu, lakini ni cha kuruka ruka. Bibi huyu alipanda mto majira ya baridi ya 1873 kwenda 1874. Alipofika Abu Simbel akaona uso wa sanamu moja una madoa meupe ya plasta iliyoachwa na watu waliochukua nakala yake, akawaamuru mabaharia wake waukwangue, kisha wapake kahawa palipobaki weupe ili rangi ifanane na jiwe. Kahawa, kwa ndoo! Na huyo huyo ndiye baadaye alianzisha mfuko wa kuhifadhi mambo ya kale ya Misri, mwaka 1882.

Hatua ya 6: Ratiba na upatikanaji

Anza wiki sita kabla. Oddoul kwanza, kisha Herodotus, kwa sababu ukianza na Herodotus utamwachia njiani na hutafika kwa Oddoul. Al-Koni mwache kwa ajili ya treni ya kwenda Aswan, usiku mzima huo. Herodotus na Edwards haki miliki zao zimekwisha na wanapatikana bure mtandaoni. Vya Wanubia na cha al-Koni vimetolewa kwa Kiingereza na wachapishaji wa vyuo vikuu, hivyo si rahisi kuvikuta kwenye maduka yetu. Kama unaanzia Kairo, duka la vitabu la Chuo Kikuu cha Marekani karibu na Tahrir ndilo la kwenda kwanza, na vibanda vya vitabu vya mitumba vya Azbakeya kwa anayejua kupatana bei.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Dada, Kiingereza kinanichosha. Hakuna kitu kwa Kiswahili?

Jibu: Kipo kimoja kinachokaa vizuri kwenye njia hii: "Mbali na Nyumbani" cha Adam Shafi, kilichotoka 2013. Ni safari ya kijana wa Unguja anayekwenda kaskazini kupitia Sudan, mfukoni hana kitu. Hakina habari za mahekalu na hilo ndilo jema lake. Kwa upande wa Wanubia itabidi uvumilie Kiingereza, ila Oddoul ana hadithi fupi, soma moja kwa wiki.

Swali (Nairobi): Mimi ni Mnubi wa Kibera. Hao wa Aswan ni ndugu zetu?

Jibu: Jina mnashirikiana, historia zenu ni mbili. Wanubi wa Kibera ni wazao wa askari wa Sudan walioletwa na kutumikishwa na Waingereza, na Kinubi chenu kimezaliwa kutokana na Kiarabu. Wanubia wa Aswan lugha zao, Kikenzi na Kifadija, si Kiarabu kabisa. Kwa hiyo salamu zako za Kinubi zitaeleweka kidogo na Mwarabu wa Aswan, na bibi mzee wa Kinubia atakuitikia kwa Kiarabu vile vile. Ila ukimsimulia habari za ardhi ya Kibera, nadhani mtakesha.

Swali (Dar): Umeiacha "Death on the Nile" makusudi?

Jibu: Makusudi, kwa sababu mtaisoma hata nikikataza. Ni ya 1937. Jambo moja tu: meli ile inaondoka Shellal, juu ya bwawa la zamani, kwenda Wadi Halfa na kurudi. Njia hiyo sasa ni sakafu ya Ziwa Nasser. Isome hivyo na itakuwa kitabu kingine.

Swali (Kigoma): Nataka nivuke niendelee Sudan kwa njia ya Wadi Halfa. Nisome nini?

Jibu: Ndugu yangu, Sudan imo vitani tangu Aprili 15, 2023. Usivuke. Msome Tayeb Salih, "Season of Migration to the North", kwa Kiarabu ilitoka 1966. Kijiji chake kiko kwenye kona ya Naili, kaskazini ya Sudan, na babu wa msimulizi ni mmoja wa wazee wazuri kabisa niliowahi kukutana nao kwenye karatasi.

Swali (Muscat): Mimi huku jangwa ninalo, mto sina. Utaratibu wako unafaa?

Jibu: Unafaa, anza na falaj. Mfereji unaopita chini ya ardhi kutoka mlimani hadi kwenye mitende ndio mto wenu usioonekana, na mitano kati yake imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006. Halafu Jokha Alharthi, "Celestial Bodies". Wewe unayezungumza Kiswahili huko utakuta ndani yake mambo ya Zanzibar na ya utumwa ambayo majirani zako hawayasemi kwa sauti.

Swali (Moshi): Mwanangu, mimi nina miaka 71, macho hayanisaidii sana. Nipe kimoja tu.

Jibu: Shikamoo baba. Oddoul. Mwambie mjukuu akusomee hadithi ya bibi Adila, msizidi kurasa kumi kwa siku.

Swali (Tanga tena): Kishikwambi au karatasi?

Jibu: Karatasi kwa jangwani. Kishikwambi changu kiliingia mchanga kwenye tundu la chaji huko Farafra, na hadi leo nakichaji kwa kukiinamisha. Ukilazimika, kitie kwenye mfuko wa plastiki wa kufungia sambusa, ufunge, usome humo humo ndani.