Kumzalisha mama asiyelala chali: mwongozo kwa mkunga wa leba

Mama akizaa amelala chali, anayerahisishiwa kazi ni mkunga: msamba unaonekana, taa inafika, mkono unafika. Mama mwenyewe hapati nafuu. Uzito wa mfuko wa uzazi unaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, presha inashuka, damu inayofika kwenye kondo inapungua na mapigo ya mtoto yanaweza kuyumba. Kitokonyo nacho, ambacho kingesogea nyuma kidogo kumpisha mtoto, kimebanwa na godoro. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mama asiye na tatizo atembee wakati wa uchungu, na achague mwenyewe mkao wa kuzalia, ikiwemo mikao ya wima. Pendekezo hilo hukwama pale mkunga anapokuwa hajui mikono yake ifanye nini mama akiwa amepiga magoti.

Maandalizi

Tandika godoro sakafuni, au shusha kitanda hadi mwisho, kisha weka makintoshi (shuka la mpira lisilopitisha maji) safi na kanga juu yake. Kitanda chembamba cha leba hakifai kuchuchumaliwa. Mama atayumba na ataogopa kusukuma. Mahali unapofika bila kusimama, weka jozi mbili za glavu, vibanio vya kitovu (kamba inayomuunga mtoto na kondo) na mkasi, taulo mbili kavu, mfuko na barakoa ya kumpa mtoto hewa, beseni, na oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi) uniti 10 ikiwa tayari kwenye bomba la sindano. Tochi ya kichwani itakusaidia kuliko taa ya dari. Tafuta pia kigoda kifupi cha kukalia wewe mwenyewe. Mkunga aliyeinama muda mrefu humrudisha mama kitandani kwa sababu ya mgongo wake, wala si kwa sababu ya mtoto.

Njia inapoendelea kufunguka

Mwache atembee, aegemee ukuta, au akae kwenye kiti akiwa ameukumbatia mgongo wa kiti. Kutembea na kukaa wima hufupisha hatua ya kwanza, yaani muda wa njia kufunguka, kwa wastani wa zaidi ya saa moja. Chupa ikipasuka na kichwa bado kinaelea juu, asitembee: kitovu kinaweza kutangulia.

Sikiliza mapigo ya mtoto kila dakika 15 hadi 30, na kila dakika 5 anapoanza kusukuma. Sikiliza kwa dakika nzima, uchungu ukiwepo na sekunde 30 baada ya kuachia. Mama akiinama, tumbo linaning'inia na mgongo wa mtoto unasogea, kwa hiyo utafute mlio chini zaidi na pembeni zaidi ya ulipouacha. Yakishuka chini ya 110 au kupita 160, mlaze ubavu wa kushoto na usikilize tena. Yasiporudi, ita msaada.

Magoti na mikono

Huu ndio mkao tunaomshauri mkunga anayeanza, kwa sababu kichwa hushuka bila kishindo na msamba wote uko mbele ya macho yako. Magoti ya mama yatengane upana wa mabega. Kifua kiegemee mito, au mapaja ya msindikizaji aliyeketi mbele yake. Wewe uko nyuma.

Kila ulichokizoea kimegeuka. Njia ya haja kubwa iko juu, mfupa wa kinena uko chini, kisogo cha mtoto kinatokea chini na uso unafuata kwa juu. Loweka kitambaa safi kwenye maji ya vuguvugu, kikamue, kiweke kwenye msamba tangu kichwa kinapoanza kuutanua. Kiganja kingine kigusane na kichwa kisichomoke ghafla. Mwambie mama aache kusukuma, aheme mdomo wazi. Kichwa kikitoka, pitisha kidole shingoni kutafuta kitovu, kisha subiri uchungu unaofuata.

Mara nyingi mabega hutoka yenyewe. Shida huja mkunga akiingiwa na haraka, akavuta bila kukumbuka kuwa bega lililo juu sasa ni lile la upande wa mgongo wa mama, na ndilo huwa jepesi kutangulia. Shusha kichwa taratibu kuelekea godoro, bega hilo litoke. Kisha kiinue kidogo lifuate la chini. Ndiyo maana mama aliyelala chali ambaye mabega ya mtoto wake yamekwama hugeuzwa akae hivi.

Mpitishe mtoto katikati ya mapaja kuja mbele kwa mama. Ukimzungusha nje ya paja, kitovu kitanasa. Kitovu kikiwa kifupi usilazimishe. Mama akalie visigino vyake kwanza.

Kuchuchumaa, kigoda na kusimama

Kuchuchumaa huongeza nafasi ya kutokea kwenye nyonga, lakini miguu hufa ganzi. Achuchumae uchungu unapokuja tu, akishikwa makwapa au akishika nguzo imara, kisha apige magoti apumzike. Visigino visipogusa chini, viwekee kanga iliyokunjwa. Kichwa kikija kasi mno, msamba utachanika: mgeuze mara moja alale ubavu, mguu wa juu ukiinuliwa.

Kwenye kigoda cha kuzalia asizidishe nusu saa mfululizo, kwani mashavu ya uke huvimba. Kuzaa amesimama wima hatukushauri, mtoto anaweza kuponyoka na kitovu kikakatika. Kikikatika, kibane upande wa mtoto papo hapo.

Mama anayetoka damu, mwenye presha kali au kifafa cha mimba, au aliyepewa dawa ya kumlegeza, abaki kitandani, kwa ubavu.

Baada ya mtoto kutoka

Mikao ya wima hupunguza kuongezewa njia (kukatwa msamba ili mtoto apite), ila damu ya zaidi ya ml 500 huonekana mara nyingi zaidi. Hakikisha hakuna pacha, mdunge oksitosini ndani ya dakika moja, mweke mtoto kifuani, kisha mgeuze mama aketi nusu ameegemea. Kitovu kibanwe kati ya dakika 1 na 3. Kondo likitoka, shika tumbo uone kama mfuko wa uzazi umekaza, na angalia kibofu.

Damu iliyolowa kwenye kanga hudanganya macho. Pima iliyo kwenye beseni, kisha pima uzito wa kanga zilizolowa na utoe uzito wake zikiwa kavu. Gramu 1 ihesabu ml 1. Ikifika 500, au kabla ya hapo mapigo ya mama yakipanda na akalegea, anza matibabu ya kutoka damu bila kusubiri.