Kubadilisha Kompyuta ya Injini na Kuoanisha Funguo za Gari

Kabla ya kuilaumu kompyuta ya injini, pima kwanza fyuzi, rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme), umeme unaoifikia na nyaya zake za ethi, kwa sababu waya wa ethi uliooza huleta dalili zilezile za kompyuta iliyokufa. Ukishathibitisha kuwa imeharibika, tafuta nyingine yenye namba ya kipuri ileile, kwani kufanana kwa umbo na plagi hakutoshi.

Ikiwa ya zamani bado inasomeka, hifadhi data zake kabla ya kuiondoa kwenye gari. Hatua hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: ndani yake mna namba ya chesisi na siri za mfumo wa kuzuia wizi, na data hizo zikihamishiwa kwenye kompyuta mpya, mara nyingi funguo zilizopo huendelea kuwasha gari bila kuoanishwa upya, yaani kutambulishwa tena kwa gari.

Zima swichi, ondoa waya hasi wa betri, kisha badilisha kompyuta. Wakati wa kupakia programu kwenye kompyuta mpya, unganisha chaja imara inayoshikilia takriban volti 13, maana umeme ukishuka katikati ya kazi, kompyuta inaweza kuharibika kabisa.

Kama data hazikupatikana, oanisha funguo kwa mashine ya uchunguzi, ukiwa nazo zote, kwa kuwa katika magari mengi ufunguo usiokuwapo hufutwa. Mwishowe futa misimbo ya hitilafu, fundisha upya vali ya hewa ya injini (yaani kompyuta ijifunze mkao wake) pale inapohitajika, na ujaribu kila ufunguo.