Namna ya kusoma historia ya nyumba ya ukoo ya matofali mabichi

Nyumba ya zamani ya matofali mabichi, yale yaliyokaushwa juani bila kuchomwa, haina umri mmoja. Chumba cha kwanza kina umri wake, kibaraza kina wake, paa lina wake. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza nyumba ni ya mwaka gani. Tafuta kwanza sehemu ipi ilitangulia na ipi ikafuata. Miaka itakuja baadaye.

Chora ramani ya vyumba kwa kipimo cha 1:50, yaani sentimita 2 kwa kila mita, na uandike unene wa kila ukuta. Ukikuta ukuta wa sentimita 60 katikati ya nyumba ilhali kuta nyingine za ndani ni za 30, yaelekea huo ulikuwa ukuta wa nje kabla nyumba haijaongezwa.

Kisha kagua pembe. Kuta zilizojengwa pamoja hushikana: matofali ya mmoja yanaingia ndani ya mwingine, kozi kwa kozi, yaani mstari kwa mstari wa matofali. Ukuta ulioegemezwa baadaye huacha mstari wima kuanzia chini hadi juu, na lipu hupasuka papo hapo kwa sababu kila ukuta unatitia kivyake. Ufa unaopanda kama ngazi ni jambo jingine, kwa kawaida ni msingi uliozama upande mmoja. Bandua lipu kiasi cha sentimita 20 kwa 20 uhakikishe. Ukuta uliotangulia ndio ambao lipu au rangi yake inaendelea nyuma ya mwenzake.

Pima matofali yasiyopungua 20 katika kila chumba: urefu, upana na kimo. Kalibu ya mbao huchakaa na kutengenezwa upya, hivyo vipimo vikibadilika ghafla huenda ni mkupuo mwingine wa kufyatua. Angalia pia rangi ya udongo, kokoto na majani yaliyochanganywa. Lakini tofali bichi lililovunjika huweza kulowekwa na kufyatuliwa tena. Kigae cha chungu ndani yake kinathibitisha tu kwamba tofali halikufyatuliwa kabla ya chungu hicho.

Majani hayo yana habari nyingi kuliko watu wanavyodhani. Katika miaka ya 1920, George W. Hendry wa Chuo Kikuu cha California alichunguza mabaki ya mimea ndani ya matofali ya majengo ya kale ya huko, akatambua mazao na magugu ya wakati wa ujenzi. Chukua tofali lililokwisha kuanguka lenyewe, usichomoe lililo ukutani. Liloweke usiku kucha, chuja kwa chekeche yenye matundu ya nusu milimita, anika mbegu kivulini. Kipimo cha kaboni, yaani kukadiria umri wa mabaki ya mimea kwa kaboni iliyomo, hakifai sana kwa nyumba ya miaka mia mbili: kwa vitu vya baada ya katikati ya karne ya 17 hutoa vipindi kadhaa vinavyowezekana, nawe huna namna ya kuchagua.

Kazi kubwa iko kwenye lipu na rangi. Chagua mahali palipofichika, kama nyuma ya kabati au juu ya dari. Kwa kisu chembamba kata ngazi, kila tabaka lionekane sentimita 1, ulitazame kwa lenzi ya kukuza mara 10. Andika kuanzia ndani kwenda nje: udongo, chokaa, chokaa ya bluu, rangi ya mafuta, saruji. Masizi yaliyonaswa kati ya matabaka mawili yanaonyesha palikuwa na moto wa kupikia au taa iliyowashwa miaka mingi. Usilinganishe vyumba kwa idadi ya matabaka, maana jiko hupakwa mara nyingi kuliko chumba cha kulala, linganisha mfuatano. Chumba ambacho mfuatano wake unaanzia kwenye ile bluu kiliongezwa karibu na wakati wa bluu. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo lowesha kabla ya kukwangua na uvae barakoa.

Saruji ya Portland ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, kwa hiyo tabaka lake haliwezi kuwa la kabla ya hapo, na kwa kawaida ni la baadaye sana. Saruji hiyo hiyo hunasa unyevu na kuumumunyua ukuta chini. Mguu wa ukuta uliolika usihesabiwe kuwa dalili ya uzee.

Boriti hudanganya kuliko kitu chochote. Makovu ya tezo, mistari iliyonyooka ya msumeno wa mkono na mikunjo ya msumeno wa duara vinaonyesha mbao zilipasuliwaje, lakini tobo lisilo na kazi ni dalili kwamba huenda boriti ilitoka jengo jingine. Mwaka 1929 mwanasayansi wa Marekani A. E. Douglass alitumia boriti iliyoungua huko Arizona kukamilisha hesabu ya pete za miti, zile ambazo mti huongeza mwaka kwa mwaka, ila njia hiyo inahitaji pete ya mwisho iliyo chini ya gome. Boriti iliyochongwa pande nne imeipoteza, na miti mingi ya nchi za joto haina pete zinazosomeka.

Mlango wa mita 1.6 kati ya milango ya 1.95 huashiria sakafu iliyopandishwa. Ili kuitafuta sakafu ya awali, chimba shimo la sentimita 30 kwa 30 katikati ya chumba, kamwe si kando ya ukuta, kwani huenda hauna msingi zaidi ya udongo huo.

Wazee waulizwe bila kuambiwa ulichokwisha kukiona. Usiulize mwaka, uliza chumba kilikuwapo nani alipozaliwa au alipoolewa. Hati ya kiwanja hueleza ardhi, mara nyingi haisemi lolote kuhusu kuta.

Hifadhi sampuli kwenye bahasha za karatasi, kwa sababu ndani ya plastiki huota ukungu, na uandike chumba, ukuta na kimo. Matundu uliyoyafungua yazibe kwa udongo na majani, tabaka la sentimita 1 kwa mara moja, ukilowesha kingo kwanza.