Siku tatu Ukerewe na begi mgongoni: kujipima kabla ya Kilimanjaro

Kilimanjaro hupandi peke yako. Hifadhi inataka uwe na mwongozaji mwenye leseni, na mizigo mikubwa hubebwa na wapagazi. Basi watu huniuliza: ya nini kujitesa peke yako kisiwani na kilo 12 mgongoni? Ni hivi: ukiwa na wenzako, kasoro zako hufunikwa. Umesahau kiberiti, fulani anacho. Ukiwa peke yako, ulichosahau unakilipia usiku huohuo. Na afadhali ukilipie Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria ambako bodaboda haikosekani, kuliko Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, zaidi ya mita 4,600 juu.

Mimi nilikuwa najiandaa kwa njia ya Lemosho, kilomita 70 hivi kwa siku nane. Nilivyofanya ni hivi.

Hatua ya 1: Pima begi kwenye mizani ya kweli

Usikadirie kwa mkono. Mimi hupeleka begi soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kwa mama mmoja muuza dagaa, naye hunipimia huku akicheka. Begi lisizidi moja ya tano ya uzito wako. Mimi nina kilo 64, kwa hiyo 12 zinatosha, na humo maji yamo. Lita moja ni kilo moja, na maji ndiyo mzigo ambao wengi husahau kuuhesabu.

Begi lenyewe unaweza kulipata mitumbani Mlango Mmoja. Angalia mkanda wa kiuno kabla ya rangi. Mkanda ukiwa mzuri, uzito hukaa nyongani. Ukiwa kamba tu, mabega yatakuwa yanawaka kabla hujafika mbali.

Hatua ya 2: Wiki tatu za milima ya mjini

Mwanza hatuna haja ya mashine za mazoezi. Panda Mabatini au Igogo, kule nyumba zilikojengwa juu ya mawe, mara tatu kwa wiki ukiwa na begi. Utapishana na akina mama wenye ndoo ya lita 20 kichwani, na watakupita. Salimia, wapishe njia.

Zingatia kushuka kuliko kupanda. Siku ya kilele utapanda kutoka Barafu hadi mita 5,895, kisha siku hiyohiyo ushuke mpaka kambi ya Mweka, kwenye mita 3,100 hivi. Magoti mengi huharibikia hapo. Shuka kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, na uwe na fimbo. Mimi fimbo yangu niliikata mwenyewe, na sijaona sababu ya kununua nyingine.

Hatua ya 3: Jitambulishe kabla hawajakutambua

Hapa ndipo wageni wengi hukosea. Mtu mmoja, begi kubwa, anatembea kwa miguu bila shughuli inayoeleweka: kijijini huyo ni wa kuulizwa. Chukua barua ya utambulisho kwa mtendaji wa mtaa wako, beba kitambulisho cha taifa, na ukifika kijiji utakacholala nenda moja kwa moja kwa mwenyekiti kabla jua halijazama. Ukijificha porini ili usisumbue watu, sungusungu, walinzi wa kijiji, watakuamsha wao, na hapo maelezo yako yatakuwa marefu.

Mwenyekiti wa kijiji cha kwanza nilicholala aliisoma barua yangu mara mbili, akalitazama hema.

"Kijana, Mwanza una nyumba?"

"Shikamoo mzee. Ninayo."

"Marahaba. Sasa mbona unahama nayo?"

Nikamweleza habari za Kilimanjaro. Hakuridhika sana, ila alinionyesha pa kulala nyuma ya nyumba yake, na usiku mkewe akaniletea sato wa kukaanga. Mpango wangu wa chakula ukaharibika siku ya kwanza, na sikulalamika.

Mwachie ndugu mmoja ratiba yako, na mkubaliane saa ya kupiga simu kila jioni. Beba chaja ya akiba iliyojaa.

Hatua ya 4: Tembea

Nenda Juni hadi Agosti, masika yakiwa yameisha na vuli haijaanza. Meli ya kutoka Mwanza hadi Nansio, bandari ya Ukerewe, huchukua kama saa tatu za majini. Ulizia ratiba siku moja kabla. Ukishuka Nansio shika njia ya Bukindo, halafu utengeneze mzunguko wako. Siku ya kwanza kilomita 12, ya pili 18, ya tatu 12 tena. Siku ya pili weka kilima cha Handebezyo katikati: panda na ushuke mara mbili na begi lote.

Kasi yako iwe ile inayokuruhusu kuongea bila kuhema. Kijana wa Mwanza huiona aibu, lakini "pole pole" utakayoimbiwa mlimani ni mwendo wa kujifunza mapema. Ieleweke tu kwamba kisiwa hakitakuzoesha hewa nyembamba. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na ule mwili unaolegea kwenye mita 4,000 hutakutana nao huku. Kichwa kikikuuma mlimani, mwambie mwongozaji siku hiyohiyo.

Chakula cha njiani kwangu ni matobolwa na karanga. Viazi vilivyochemshwa vikakaushwa ni vyepesi, haviozi, na kipande kimoja unakitafuna muda mrefu hadi utamu utoke. Biskuti zangu zilikuwa unga tangu siku ya kwanza.

Siku hiyo ya pili, nikishuka Handebezyo, buti langu la mtumba lilifunguka mdomo kama sangara. Gundi ilikuwa imekauka miaka mingi kabla sijalinunua. Nililifunga kwa kamba ya hema nikamaliza siku nikichechemea, na kesho yake fundi viatu wa Nansio akalishona pande zote kwa uzi wa nailoni. Kwa hiyo: kunja soli kwa nguvu kabla ya kulipa, na hata kama imeshika, ishonwe.

Hatua ya 5: Maji na ufuo

Maji ya ziwa yatulize, yachuje kwa kitambaa, yachemshe. Usiingie kwenye matete wala maji ya kina kifupi yaliyotulia, hata kwa kunawa miguu yenye malengelenge. Kichocho hutoka kwa konokono wa humo na hupenya hata ngozi isiyo na kidonda. Oga kwa ndoo.

Usipige hema ufuoni. Viboko hutoka usiku kula nyasi, na mamba hahitaji maelezo. Panda juu kidogo, karibu na nyumba za watu. Usiku usio na mwezi utaziona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga majini kama mji mwingine, na huko juu utaziona vizuri zaidi. Hema liwe na neti isiyochanika, maana mbu wa kule wana bidii.

Hatua ya 6: Fungasha gizani

Usiku wa mwisho tega kengele ya saa nane. Bila kuwasha taa yoyote, vaa, funga viatu, kunja hema, panga begi. Safari ya kileleni huanza karibu saa sita usiku, kwenye baridi, vidole vikiwa vigumu. Mimi nilitumia dakika 50 na soksi moja nikaiacha. Mara ya pili, dakika 25.

Hatua ya 7: Mafungu matatu

Ukirudi nyumbani, kabla hujaoga, mwaga begi sakafuni. Fungu la kwanza ni ulivyotumia kila siku, la pili ulivyotumia mara moja, la tatu ambavyo hukuvigusa. La tatu libaki nyumbani, isipokuwa dawa, plasta na koti la mvua. La pili bishana nalo.

Kwangu walioondoka ni jinzi, sufuria ya pili na taulo kubwa. Niliporudi Mwaloni, begi lilisoma kilo 9 na nusu, na mama wa dagaa akauliza kama nimeuza kitu.