Kichanga akigoma kunyamaza

Mashoga zangu mnaolea watoto wa watu majumbani, hasa hawa wachanga wa miezi miwili mitatu wanaoletwa mama akirudi kazini, akija asubuhi mwambieni mama aache na kanga aliyolala nayo, asiifue. Akianza kulia usikimbilie chupa, tazama nepi, mguse shingo kwa nyuma kama ana joto maana nyumba zetu za bati kaskazi hii jamani, na mvue soksi uangalie kama uzi haujamzonga kidole, hilo wengi hatulijui na linamuuma mtoto kwelikweli. Kama yote salama jitande ile kanga ya mama begani, mweke wima juu yake, mpigepige mgongo polepole mpaka acheue, mie huwa natembea nae ukumbini feni inazunguka namwimbia kwa sauti ya chini tu, akisikia harufu ya mama yake utamuona vidole vinafunguka kimoja kimoja. Akilala mlaze chali na kanga iondoe. Ukihisi hasira zinapanda mweke kitandani pake, toka nje dakika tano, kumtikisa usithubutu hata mara moja! Na homa ya nyuzi 38 kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu si ya kubembeleza, mpigie mama mwende hospitali.