Natchez kwa Siku Mbili: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwasha Gari

Natchez, jimboni Mississippi, Marekani, ni mji wa watu wapatao 14,500, umekaa juu ya genge la futi karibu 200 kutoka usawa wa Mto Mississippi. Wafaransa walijenga ngome hapo 1716, katika ardhi ya Wanatchez, wenyeji wa asili wa hapo. Udogo wake ndio unaowaponza wageni. Mtu anatazama ramani, anasema siku mbili zinatosha na kubaki, kisha Jumapili usiku anarudi kwake akiwa ameona lami, giza na mlango wa mgahawa uliofungwa. Kwa hiyo kaa chini upange, tena upange kwa saa.

Anza na kalenda kabla hujauliza bei. Mji hujaa pomoni kati ya Machi na Aprili, wakati wa Pilgrimage, maonyesho ya nyumba za kale yaliyoanza 1932, halafu tena Oktoba kwenye tamasha la maputo makubwa ya hewa moto. Wakati wa Pilgrimage hufunguliwa hata nyumba ambazo watu bado wanaishi ndani yake. Miezi mingine hizo huzioni ila kwa nje. Ukitaka kuingia nyumba nyingi, njoo majira hayo na ushike chumba miezi kadhaa mapema. Julai na Agosti vyumba hupatikana kirahisi, na sababu utaijua ukishuka garini: joto la nyuzi 33 lenye unyevu kama wa Dar es Salaam mwezi Februari, ila bila upepo wa bahari.

Chumba chenyewe, ukitaka kulala kwenye nyumba ya kale, kiulizie mambo manne kabla ya kulipa. Kiko ghorofa ya ngapi (lifti usiitegemee)? Wanapokea watoto? Wanadai usiku mbili wikendi? Ukiahirisha, pesa inarudi? Wazee wenye magoti mabovu wasikubali chumba cha juu hata kwa bei ya kutupa. Vikijaa vyote, vuka daraja uingie Vidalia, upande wa Louisiana. Ni dakika chache tu kwa gari, na daraja halina malipo.

Sasa njia, na hapa ndipo wikendi nyingi zinapozama. Natchez Trace Parkway ni barabara ya maili 444 kutoka jirani na Nashville, jimboni Tennessee, hadi Natchez, iko chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa, na ni nzuri kweli: miti pande zote, hakuna malori, hakuna bango hata moja la matangazo. Uzuri huo una gharama zake. Mwendo wa juu ni maili 50 kwa saa, na sehemu nyingine ni 40. Gawanya 444 kwa 50, utapata karibu saa tisa bila kusimama hata kujisaidia. Anayetoka Nashville kwa kuifuata mwanzo hadi mwisho amekwisha kula siku nzima ya safari, na kurudi vivyo hivyo. Usimwige.

Wanaoshukia uwanja wa ndege wa Jackson, mji mkuu wa Mississippi, ndio hujidanganya zaidi, kwa kuwa simu huwaonyesha kipande kifupi tu. Tuseme ndege imetua Ijumaa ya Novemba saa tisa alasiri. Mzigo, foleni ya gari la kukodi, karatasi, chakula cha haraka: saa kumi imepita. Uwanja uko mashariki ya jiji na Trace ya kwenda Natchez unaikuta upande mwingine, kwa hiyo unaingia njiani jua linazama, maana Novemba huzama kama saa kumi na moja jioni. Kuanzia hapo una maili zaidi ya 80 zisizo na taa hata moja. Kituo cha mafuta kwenye Trace yenyewe hakuna, lazima utoke. Baada ya Port Gibson, maili 40 za mwisho ni msitu mtupu, na simu hupoteza mtandao kwa vipande. Sehemu ulizozijia, kama njia ya kale iliyodidimia kwa nyayo na kwato kwenye maili ya 41.5, unazipita kwenye kiza huku mikono imekakamaa kwenye usukani.

Halafu kulungu. Magharibi na alfajiri hutoka kula majani ya kando ya lami, na msimu wao wa kupandana ukifika, hukimbia ovyo. Ukimwona mmoja, hesabu kwamba nyuma yake yupo wa pili. Kanyaga breki, ushike usukani sawa, usikwepe: wanaoumia vibaya mara nyingi ni wale waliomkwepa mnyama wakaufuata mti. Ukikwama, piga 911 na utaje namba ya nguzo ya maili iliyo karibu nawe. Namba hupanda kutoka sifuri Natchez kwenda kaskazini, kwa hiyo jizoeze kuzisoma ukiwa unaendesha, usisubiri balaa. Mwendo kasi nao usiuchezee. Faini ya humo ni ya serikali kuu, si ya jimbo wala ya kijiji.

Dawa ni rahisi. Ijumaa jioni shika barabara ya 55 kusini hadi Brookhaven, jaza mafuta hapo, kisha 84 kwenda magharibi. Ni njia pana zenye magari. Trace iweke Jumamosi au Jumapili asubuhi, ukitokea Natchez: panda hadi Emerald Mound, maili ya 10.3, kilima cha ekari nane kilichojengwa kwa mikono ya mababu wa Wanatchez, kisha Mount Locust, maili ya 15.5, nyumba ya wageni ya zamani za wasafiri wa miguu. Rudi. Ni maili 31 jumla, na umeionja Trace vya kutosha. Kabla ya kutoka, angalia tangazo la hifadhi, kwani vipande hufungwa kwa matengenezo. Wa New Orleans na Baton Rouge wao wana barabara ya 61, chini ya saa mbili kutoka Baton Rouge, hawana haja ya vituko hivi.

Nyumba mbili kwa siku zinatosha. Ziara huongozwa, huenda kwa saa maalumu, na ya mwisho huanza mapema kuliko unavyodhani, kwa hiyo nunua tiketi kabla na utenge kama dola 25 hadi 30 kwa mtu kwa kila nyumba. Ukichagua moja tu, iwe Longwood. Haller Nutt alianza kujenga kasri la pembe nane lenye vyumba 32. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini vilipozuka 1861 mafundi wa kutoka Kaskazini wakaacha zana wakaenda zao. Vyumba tisa vya chini ndivyo vilivyokamilika. Ghorofa za juu ni mbao tupu na matofali hadi leo, na hakuna nyumba iliyokamilika itakayokufundisha kiasi hicho juu ya ujenzi wa wakati ule. Viatu viwe bapa. Visigino vyembamba hutoboa sakafu za kale na utakatazwa mlangoni. Kuhusu picha, uliza kwanza.

Lakini usiondoke na vinara vya fedha tu kichwani. Pamba ndiyo iliyojenga nyumba hizo, na pamba ililimwa na watumwa. Forks of the Road, kama maili moja mashariki ya katikati ya mji, lilikuwa soko la watumwa lililozidiwa na New Orleans tu katika eneo lile la Kusini. Lilikua pale kwa sababu 1833, baada ya hofu ya kipindupindu, mji uliwafukuza madalali nje ya mpaka wake. Wakahamia hatua chache ng'ambo ya mstari, biashara ikaendelea hadi 1863. Leo hakuna jengo: ni uwanja wa majani, mabango, na minyororo iliyozamishwa kwenye saruji. Wengi huupita kwa gari bila kujua. Aliyewahi kusimama Mkunazini, Unguja, hatahitaji kuelezwa. Hakuna kiingilio, nenda asubuhi kabla ya jua kali. Uliza pia nyumba ya William Johnson, kinyozi Mweusi aliyekuwa huru, na mwenyewe akamiliki watumwa, aliyeandika shajara tangu 1835 hadi alipouawa 1851. Mshitakiwa aliachiwa kwa kuwa mashahidi Weusi hawakuruhusiwa kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Na ukisikia jina la Abdul Rahman Ibrahima, tega sikio: mwana wa mtawala wa Futa Jallon, katika Guinea ya leo, aliyetumikishwa Natchez miaka 40 kuanzia 1788.

Chakula: Jumapili jioni na Jumatatu migahawa mingi hufunga, kwa hiyo piga simu. Wasiokula nguruwe waulize kila sahani, hata ya mboga. Zile collard ni ndugu wa sukuma wiki kabisa, ila huko huchemshwa na kipande cha nguruwe, na unga wa tamale, yaani donge la unga wa mahindi lenye nyama ndani, mara nyingi hukandwa kwa mafuta yake. Samaki wa kukaanga ni salama zaidi, ingawa uliza wamekaangia nini.

Machweo yatazame kutoka bustani ya gengeni, jua linapozama upande wa Louisiana. Kaa ndani ya uzio. Genge ni udongo laini wa vumbi la kale, humeguka. Mtoni usioge hata ukiona maji yametulia: mkondo una nguvu chini, na msafara wa matishari hauwezi kukusimamia. Mwaka 2011 maji yalipanda zaidi ya futi 61 kwenye kipimo cha Natchez, wakati mafuriko huhesabiwa kuanzia 48, kwa hiyo katika majira ya kuchipua soma kipimo kabla ya kuegesha gari chini, Silver Street.

Majira hayohayo ni ya tonado. Ile ya Mei 7, 1840 iliua watu 317, wengi wao wakiwa kwenye mashua. Acha tahadhari za simu zikiwa zimewashwa usiku, na ukifika tu muulize mwenye nyumba chumba cha ndani kisicho na dirisha ni kipi. Dawa ya mbu. Soksi ndefu kwa ajili ya kupe. Mmea wa majani matatu matatu usiuguse, unawasha kuliko upupu. Na kama utafika baada ya saa tatu usiku, toa taarifa mapema, la sivyo utaikuta nyumba imezimwa taa na ufunguo uko kwa mtu aliyekwisha lala.