Mmerithi Kiwanja Dodoma na Hamuelewani? Angalia Kwanza Hati Ina Jina la Nani

Ndugu zangu mlio ughaibuni, mbukwenyi. Swali ninaloulizwa kila tukikutana misibani na harusini huku ni moja: "Tumerithi kiwanja, hatuelewani, je, mahakama inaweza kutugawia?" Inaweza. Sisi ilitugawia. Ila mwaka mzima na miezi ya juu niliutupa, pamoja na ada ya wakili, kwa kosa ambalo karani wa Mahakama ya Mwanzo angeniambia bure kama ningemuuliza.

Kosa lenyewe: nilifungua shauri la kugawana mali na ndugu zangu wakati mali bado ni ya marehemu.

Baba alifariki 2013. Kiwanja chake kiko Nkuhungu, alikipata enzi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, na ile hati ya miaka 33 ambayo kila mtu wa Dodoma anaijua. Kikao cha ukoo kikakaa, mdogo wetu wa kiume akapendekezwa, Mahakama ya Mwanzo ikamteua msimamizi wa mirathi na kumpa Fomu Namba IV. Mimi niko Hamburg, natumiwa picha ya fomu kwa WhatsApp, nami najibu, "Hongereni, Mungu awabariki." Hongereni ya nini? Fomu IV ni ruhusa ya kuanza kazi. Ndani ya miezi minne msimamizi anatakiwa kurudi mahakamani na Fomu V, yenye orodha ya mali na madeni, na Fomu VI, yenye hesabu na mgawanyo. Mdogo wangu hakurudi, na hakuna aliyemuuliza. Sisi tulishajisemea "mirathi imekwisha" kwa sababu pilau lililiwa.

Halafu serikali ikahamia Dodoma kweli kweli. CDA ikavunjwa 2017, mwaka uliofuata mji ukawa jiji, na viwanja ambavyo watu walikuwa wanalima uwele vikaanza kuulizwa bei na wageni wenye magari. Nikatuma hela, zikajengwa fremu nne za maduka mbele ya nyumba ya baba. Kodi ikawa inaingia kwa mdogo wangu. Nikiuliza, naambiwa biashara ngumu.

Wakili niliyetafutiwa na binamu akaniambia: ninyi ni wamiliki wa pamoja, tuombe mgawanyo. Nikamsainia dada yangu hati ya uwakilishi, tukaanza. Baraza la Kata likashindwa kutupatanisha. Tangu 2021 kata inasuluhisha tu, haiamui, na siku 30 zikipita bila suluhu unaruhusiwa kusonga mbele. Tukaingia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Miezi 14 ya tarehe juu ya tarehe. Siku ya kusikilizwa, wakili wa mdogo wangu akasimama na pingamizi la awali, yaani shauri lisisikilizwe kabisa, lenye hoja mbili, akakaa chini. Shauri likaondolewa, na gharama juu yangu.

Hoja ya kwanza: kiwanja ni sehemu ya mirathi ambayo haijagawanywa. Mrithi si mmiliki. Mwenye haki ya kushtaki au kushtakiwa juu ya mali ya marehemu ni msimamizi peke yake. Mimi, mtoto wa kuzaa, mwenye risiti za saruji, mbele ya sheria nilikuwa mpita njia. Mlango wangu ulikuwa kule kule lilikofunguliwa jalada la mirathi: kuomba mahakama imwite msimamizi alete hesabu, na akikaidi, uteuzi wake utenguliwe. Ndicho nilichokuja kufanya baadaye, na fomu zote mbili zikaletwa.

Hoja ya pili: shauri liliandikwa kwa jina la dada badala ya langu. Mwenye hati ya uwakilishi anakuja mahakamani kwa niaba yako. Mdai ni wewe, jina ni lako. Hati hiyo isainiwe ubalozini au mbele ya mthibitishaji, na kama inagusa ardhi iliyosajiliwa, isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Ile ya kuchapisha kutoka intaneti na kuipiga picha mezani ni karatasi ya kufungia karanga.

Narudia, maana najua mtu ataruka aya hizo mbili: kabla ya kumlipa wakili hata shilingi, mtume mtu mwenye akili akatafute nakala ya Fomu VI. Kama haipo, hakuna cha kugawana. Na msikae mkisubiri busara za wazee, kwa sababu madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, na kwa ardhi ya marehemu aliyekuwa akiimiliki hadi anafariki, miaka hiyo huhesabiwa tangu siku ya kifo. Mimi nilikuwa nimebakiza michache.

Ndugu wa nyumbani nao tuwaseme kidogo, kwa upendo. Mama mdogo alinipigia simu akilia kwamba damu haishtakiani, kwamba Uzungu umeniingia. Mama mdogo, shikamoo, lakini kuomba hesabu si kushtaki damu. Huku Ujerumani mrithi mmoja tu akichoka, anaweza kuiomba mahakama iuze nyumba kwa mnada, hata wenzake wakikataa. Jirani yangu na dada yake waliuza hivyo nyumba ya mama yao. Hawasalimiani hadi leo, ila kila mmoja ana fungu lake na hakuna anayemroga mwenzake. Zamani nilikuwa nasema hawa watu wanapenda karatasi kuliko ndugu. Siku hizi nalisema kwa sauti ya chini.

Turudi Nkuhungu. Fomu VI ikishapokelewa na mahakama, msimamizi anawahamishia warithi umiliki, na hapo kuna shimo lingine. Sheria ya Ardhi ya 1999 ina umiliki wa namna mbili kwa watu wengi: ule wa pamoja, ambapo mmoja akifa sehemu yake inabaki kwa walio hai, na ule wa hisa, ambapo fungu la kila mtu ni lake na la wanawe. Ule wa kwanza sheria hiyo imewaachia mume na mke tu; ninyi ndugu ni wa hisa. Hakikisheni hisa zimeandikwa. (Aliyechukua uraia wa nje ana mjadala mwingine kabisa, kwa sababu sheria hiyo ilimfungia asiye raia ila kwa uwekezaji. Amwone wakili kabla ya kutajwa kwenye karatasi yoyote.)

Mgawanyo wenyewe, tulipouomba upya mahakamani, ajabu, ndiyo sehemu iliyokwenda vizuri. Mahakama inatamka kwanza hisa, kisha wanakwenda wataalamu kiwanjani, mpima na mthamini, wanaleta taarifa, mnapewa nafasi ya kuipinga, halafu inatoka amri ya mwisho. Kiwanja kikiwa kidogo mno mipango miji haitakubali kikatwe, na hapo kinachobaki ni mmoja kuwalipa wenzake au dalali wa mahakama kupiga mnada. Mnada ukwepeni. Siku hiyo wanunuzi wanajua mna njaa.

Chetu kilikatika. Mdogo wangu alipata upande wa barabarani wenye fremu, akaamriwa kutufidia tofauti ya thamani. Hela yangu ya ujenzi sikurudishiwa. Nilituma kwa simu bila kuandika neno, naye aliapa kwamba ilikuwa ya matibabu ya mama. Kwa nini nisiandike "ya fremu"? Maneno mawili tu.

Jambo moja la faida: tangu 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili. Mwambie wakili akutumie rasimu ya madai, uisome mwenyewe, jina kwa jina. Ningeiona ile "mdai" yenye jina la dada, ningeuliza.

Hati mpya ziko tayari kuchukuliwa. Dada alitaka kumtuma kijana wa bodaboda anayemwamini. Nimemkatalia. Aende mwenyewe, na kitambulisho.